Siku Baruti Ilipotuma Mwakilishi

Haya, sogeeni karibu mniambie hiki: mgeni wangu kakaa sebuleni, hali wala hanywi, hakohoi wala hasalimu, lakini tangu aje nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole. Ni nani huyo?

Wewe wa nyuma unayesema maiti, umekaribia lakini sivyo. Maiti huzikwa, watu wakala pilau, mambo yakaisha. Mgeni wangu ni baruti. Na kama hujapata kuona baruti ikikaribishwa sebuleni, basi hujafika nchi ninayotaka kukusimulia, na ubaki hivyo hivyo, usiende.

Jina la nchi yenyewe nalihifadhi, maana ina watu wazuri na sipendi waone haya. Ni nchi ya amani, ina bendera, ina wimbo, na ina desturi moja waliyoizoea mpaka hawaioni tena: hakuna mtu anayekwenda mahali mwenyewe. Kila mtu hutuma mwakilishi. Waziri akialikwa humtuma naibu. Naibu humtuma katibu, katibu humtuma mtu wa masjala, na wa masjala akiwa na harusi humtuma dereva, naye dereva husimama jukwaani akasoma, "Ningependa sana kuwa nanyi leo, lakini majukumu ya kitaifa yamenibana." Watu hupiga makofi, kwa sababu hotuba ni ya waziri hata kama viatu ni vya dereva. Huko hata bwana harusi mmoja aliwakilishwa, na mpaka leo aliyemwakilisha ndiye anayeamka kumbembeleza mtoto.

Sasa nchi hiyo ilinunua baruti nyingi ya kupasulia mlima ili reli ipite. Baruti ikaja, reli haikuja. Mlima ukabaki palepale unawatazama. Masanduku yakapelekwa mji mdogo uitwao Tulizana, yakarundikwa kwenye ghala la zamani la pamba, katikati ya mji, soko upande huu, kinyozi upande ule. Na ukuta wa nyuma wa ghala hilo ndio huohuo ukuta wa nyumba ya Bi Mwajabu.

Bi Mwajabu alikuwa mwoka mikate. Tanuri lake lilikuwa uani, na moshi wake uliamsha mji kuliko jogoo. Aliishi na mkwewe Siwatu, ambaye mumewe alikuwa machimboni mbali, na mjukuu mchanga aitwaye Zawena. Zawena alilazwa chumba kilichopakana na ghala, walichokiita chumba cha ghalani, kwa sababu ukuta ule ulikuwa na ubaridi mzuri. Mpaka siku Bi Mwajabu alipoambiwa nyuma ya ubaridi ule kuna nini.

*

Watu wa Tulizana si wakorofi. Waliuliza kwa adabu tu: hii baruti ikishika moto kwa bahati mbaya, itakuwaje? Serikali yao ni sikivu. Ilisikia, ikaunda Tume ya Kuchunguza Tabia ya Baruti Pindi Inaposhikwa na Moto Bila Kukusudia. Jina lilikuwa refu mpaka kibao chake kikafika kwa lori.

Tume haikuja. Alikuja Bwana Chande Maftaha kwa niaba yake. Kijana msafi, mpole, shati limenyooka, na kila sentensi yake ilianza na mtu mwingine.

"Hodi hapa."

"Karibu ndani, mwanangu. Kaa, chai hii hapa, na mkate wa moto."

"Kwa niaba ya Mwenyekiti wa Tume, nashukuru kwa chai."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi?" Bwana Chande akageuka nyuma kutazama mlango, kama aliyeulizwa amesimama huko. "Mimi... Tume inasema ni tamu."

Siwatu akatoka na mtoto. Bwana Chande akampokea bila kuombwa, akamweka begani, akampigapiga mgongoni vile anavyofanya mtu aliyezoea. Zawena akacheua kwenye lile shati lililonyooka.

"Wangu ana umri huu huu," akasema Bwana Chande, na hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza isiyo na Tume ndani yake. "Ameanza kuota meno, hatulali."

Bi Mwajabu akamtazama kwa huruma, kisha akamwonyesha kile chumba, kitanda kidogo na ukuta. "Hebu niambie basi, baba. Wewe wako ungemlaza hapa?"

Bwana Chande alimrudisha mtoto kwa mamake. Akafuta bega. Akafungua faili, akalifunga.

"Swali zuri sana," akasema. "Nitalifikisha."

"Basi wakati unalifikisha," akaingilia Siwatu, "mimi nimpeleke mwanangu kwa mama ng'ambo ya mto."

"Ah, dada, hilo haliwezekani. Matokeo bado. Kuhama kabla ya matokeo ni kuihukumu baruti kabla haijasikilizwa. Subirini, mtajaribiwa... samahani, itajaribiwa."

Wakasubiri. Mtoto wakamhamishia sebuleni, hatua chache mbali na ukuta, kama vile baruti ni mbu.

*

Siku ya jaribio, baruti yenyewe haikufika.

Msinishangae mimi, nasimulia nilivyosikia. Kwanza baruti ni mali ya umma, na mali ya umma hairuhusiwi kuunguzwa. Pili, mtaalamu mmoja alikumbusha kwamba kuisogeza karibu na moto kungeweza kuwa hatari. Kwa hiyo ikatangazwa kwamba baruti ingependa sana kuwepo, lakini kutokana na majukumu mengine imemtuma mwakilishi. Mwakilishi alikuwa gunia la unga wa ngano, lililochukuliwa stoo kwa Bi Mwajabu. Sifa zake: ni kavu, halina maneno, na ni jeupe, rangi ya amani. Likavishwa utepe kifuani, likawekwa juu ya meza yenye kitambaa, likapewa na chupa ya maji.

Ikabaki habari ya moto. Jaribio lilikuwa la ajali, na ajali haikusudiwi. Kwa hiyo akateuliwa karani wa kujikwaa akiwa ameshika kibatari. Akafanyishwa mazoezi mpaka akajikwaa vizuri, bila kuonekana kama anajikwaa makusudi. Kwa bahati mbaya siku yenyewe alijikwaa kweli wakati anapanda jukwaa. Akaambiwa hiyo haihesabiwi, arudi akakae, asubiri wakati wake.

Mji mzima ulikuwepo. Kuondoka hakuruhusiwi, sasa mtu angekaa nyumbani afanye nini? Mgeni rasmi alikuwa dereva aliyemwakilisha mtu wa masjala aliyemwakilisha katibu, nanyi mwajua iliyobaki. Akafungua karatasi.

"Ndugu wananchi! Baruti ya nchi hii si baruti ya watu wachache. Ni baruti yenu! Ni baruti yenye utu, inayojua ilikotoka, hata kama bado haijajua inakokwenda. Wapo wanaobeza. Wanauliza, ikilipuka je? Nami nawauliza wao, isipolipuka je? Mbona hilo hawaulizi?"

Makofi. Makata kinyozi, ambaye mdomo wake haukujaaliwa mlango, akamwegemea Bi Mwajabu. "Jirani yangu, unga wako leo umevaa utepe. Mimi miaka yote hii nanyoa vichwa vya wakubwa, sijapata hata uzi."

"Nyamaza, Makata. Watarudisha gunia langu?"

"Litarudi likiwa waziri."

Ndipo karani akapewa ishara. Akainuka na kibatari chake, akatembea kama bibi harusi, akafika mezani, akajikwaa. Alijikwaa vizuri mno. Mguu ukapiga meza, meza ikapinduka, gunia likapasuka, na unga ukatimka hewani wingu zima jeupe. Kibatari nacho kikaruka humo humo ndani.

Mwenye kupika anajua unga uliotimka si wa kukutana na moto. Lilisikika fuuu! moja tu, kama jitu limepuliza mshumaa, lakini huku lilikuwa linauwasha. Turubai likaenda. Viti vya plastiki vikainama vyenyewe. Mgeni rasmi alipotoka kwenye moshi alikuwa mzima, Mungu mkubwa, ila hakuwa na nyusi wala nusu ya mbele ya nywele.

"Haya, na kazi wamenipokonya," akasema Makata.

Siwatu alikuwa ameshakimbia, mtoto kifuani, hana kiatu kimoja. Hakusimama mpaka kizuizi cha barabarani, na hapo alisimama kwa sababu alisimamishwa.

"Dada, unakimbia nini?" askari akamuuliza.

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Lakini matokeo hayajatangazwa. Sasa unakimbia nini?"

Akarudi nyumbani polepole, anachechemea.

*

Matokeo yakatangazwa kwa kipaza sauti, gari likizunguka mitaa. Nitawapa kwa kifupi, kwa sababu kwa urefu hata walioyaandika walisinzia.

La kwanza, baruti imefaulu. Siku nzima ya jaribio, pamoja na moto wote ule uliowaka jirani tu na ghala, baruti haikusogea, haikupayuka, haikufanya fujo ya aina yoyote. Ilionyesha utulivu wa hali ya juu, na Tume inaipongeza.

La pili, unga wa ngano umevuka mipaka ya uwakilishi wake. Tume imesikitishwa. Imebainika kuwa unga ni kitu chenye hasira, na kwa muda mrefu umekuwa ukiishi na wananchi majumbani bila ulinzi.

Kwa hiyo unga wote wa Tulizana ukusanywe, uwekwe chini ya kufuli mahali imara kuliko pote mjini. Na mahali imara kuliko pote mjini ni wapi? Ni ghalani. Lakini ghala limejaa baruti. Wakakaa, wakatafakari, wakanywa soda. Basi baruti itoke, ipishe unga. Na kwa vile baruti imethibitika ni tulivu, itakaa na wananchi. Kila nyumba sanduku moja.

Kwetu, mtu akishindwa kitendawili hutoa mji. "Nipe mji," tunamwambia, naye anatoa, tunacheka, tunamfungulia jibu. Serikali ile nayo ilishindwa, nayo ikatoa mji. Tofauti ni kwamba mji ule ulikuwa na watu ndani, na jibu hakuna aliyewafungulia.

*

Sanduku la Bi Mwajabu lililetwa na vijana wanne waliokuwa wakilibeba na kulia kimyakimya. Wakaliweka sebuleni, kwa sababu maagizo yalisema lisifichwe chumbani kama kitu cha aibu. Liwekwe panapoonekana. Lisionyeshwe hofu. Liwe na walezi wawili, mmoja akitoka mwingine awepo.

Mtu huzoea, wajukuu zangu. Hilo ndilo linalonitisha zaidi kuliko baruti. Juma la kwanza watu walinong'ona ndani ya nyumba zao. Baadaye mwanamke mmoja wa mtaa wa pili akalifunika sanduku lake kitambaa cha kufuma, chenye maua, na jirani naye hakutaka kupitwa. Punde mji mzima ukawa unafuma. Makata aliweka lake chini ya kioo, wateja wakawa wanaegeshea miguu.

"Silalamiki," akamwambia Bi Mwajabu. "Tangu lije, hakuna mteja anayenigombeza nikimkata sikio. Wote wametulia kama kanisani."

"Na ukiwasha sigara?"

"Natoka nje. Si kwa hofu, eh! Hofu hairuhusiwi. Natoka kuangalia hali ya hewa."

Tanuri la Bi Mwajabu lilipoa. Unga wake ulikuwa ghalani unalindwa na askari wawili wenye bunduki. Alipika uji wa mtama kwenye jiko la mkaa uani, na hapo alijipa moyo: jiko uani, sanduku sebuleni, kati yao kuna mlango. Kisha mvua za masika zikaanza.

Mnajua jiko la mkaa likinyeshewa. Bi Mwajabu alilipeleka barazani, mvua ikalifuata. Akalipeleka chumba cha ghalani, dari likavuja juu yake. Mwishowe likaingia sebuleni, kwa sababu ndipo pekee palipokauka, na mtoto alikuwa hapo kwa sababu hiyo hiyo, na sanduku lilikuwa hapo kwa mujibu wa maagizo. Jiko, sanduku, mtoto. Siwatu alikaa katikati amenyoosha miguu, akikinga cheche kwa upande mmoja wa khanga.

"Mama, cheche imeruka."

"Nimeiona."

"Imefika kwenye kitambaa."

"Nimeizima, mwanangu. Endelea kunyonyesha."

Asubuhi moja Siwatu akafunga mtoto mgongoni, akamwambia mama mkwe, "Nisamehe," akaenda zake kizuizini.

"Matokeo yametoka," akamwambia askari kabla hajaulizwa. "Sasa naruhusiwa."

"Yametoka, na ni mazuri," akasema askari. "Sasa mtu anayehama matokeo mazuri, anasema nini kuhusu matokeo?"

"Sisemi kitu. Nakwenda kwa mama."

"Na sanduku?"

"Mama mkwe yupo."

"Walezi wawili, dada. Ukivuka hapa umetelekeza mali ya umma." Akamchungulia mtoto mgongoni, akamtengenezea kofia. "Mvua hii si nzuri kwa kifua chake. Mrudishe ndani penye joto."

Siwatu akarudi ndani penye joto.

Bi Mwajabu hakumkemea. Alimvua khanga iliyolowa, akaitandaza, akakaa karibu naye, wakalitazama lile sanduku na maua yake. Maua mazuri, nyuzi nyekundu na kijani. Alikuwa ameyafuma yeye mwenyewe.

*

Wakati huo wote lile swali lilikuwa safarini. Msidhani Bwana Chande alidanganya. Alilifikisha. Mwenyekiti alilipokea, akasema ni zuri, akampelekea Katibu. Katibu akasema ni zuri mno, linamfaa Waziri. Waziri alikuwa safarini, likapokelewa na aliyemwakilisha, naye akaona linahitaji mtaalamu. Mtaalamu alikuwa ng'ambo kwenye mkutano wa usalama, na akaliandikia pembeni kwamba swali la aina hii lijibiwe na ofisa aliye karibu na wahusika.

Bwana Chande aliingia na bahasha, amelowa. Shati halikuwa limenyooka tena. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Limejibiwa!" Siwatu akasimama.

"Limerudi," akasema Bwana Chande.

Akaifungua bahasha mbele yao. Karatasi ilikuwa imejaa mihuri mpaka maneno yenyewe yalijibana pembeni. Akasoma kwa sauti ile ya hotuba. "Wewe wako ungemlaza hapa? Chini yake imeandikwa: Ofisa Maftaha, jibu."

"Ofisa Maftaha ni nani?" Bi Mwajabu akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Basi jibu, baba."

Bwana Chande akatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu, ila mvua. "Kwa niaba ya Mwenyekiti wa Tume..."

"Mwenyekiti hana mtoto mchanga. Wewe unaye."

"Kwa niaba ya..." Akatafuta jina, akapitia midomoni mwake majina yote ya wakubwa anaowajua, moja moja, na kila moja likamkataa. Mkaa ukapasuka jikoni. Wote watatu wakageuka, Siwatu akainua khanga, cheche ikaanguka sakafuni ikafa. Hakuna aliyeonyesha hofu. Bwana Chande alikuwa ameshainua mguu kuikanyaga, akaurudisha taratibu.

"Keti," Bi Mwajabu akamwambia. "Uji upo. Hatuna mkate."

Akakaa chini kabisa, mkekani, kando ya mtoto. Zawena alikuwa macho. Akamshika kidole Bwana Chande, akakitia mdomoni, akakitafuna kwa ufizi.

"Naye anaota meno," akasema Bwana Chande.

"Anaota. Hatulali." Bi Mwajabu akammiminia uji. "Sikulazimishi, mwanangu. Sitampelekea mtu yeyote utakachosema. Nataka tu nisikie mtu mmoja akisema kwa mdomo wake. Wewe wako ungemlaza hapa?"

Mvua ikaongezeka kwenye bati, ikabidi Bwana Chande asubiri, na ilipopungua alikuwa bado hajakitoa kidole chake mdomoni mwa mtoto.

"Sisi watumishi walituletea masanduku mawili mawili, tuonyeshe mfano," akasema. "Chumba chetu ni kimoja, mama. Tunamlaza katikati."